Ndege kwenye Kioo cha Tausi

Siku ya arobaini ya Tausi tulikuwa watano katika chumba cha mbele cha nyumba yake, pale Mtendeni. Niwataje wote, maana ukianza kusahau waliokuwepo utasahau na kilichosemwa. Nilikuwepo mimi, Nyamizi, rafiki wa marehemu tangu tuko wasichana. Alikuwepo Sikudhani Mfaume, tuliyefanya naye kazi moja zamani. Leo macho yamemwisha, ila masikioni mwake hapiti mchwa bila kusikika. Alikuwepo Hamisi, mtoto wa kaka yake Tausi, mrithi wa nyumba, kwa kuwa Tausi hakuacha mtoto. Alikuwepo Zaina, mke wa Hamisi, akipita na sinia ya visheti na birika la kahawa. Na alikuwepo Rehema, mjukuu wangu, mwalimu wa sekondari, aliyenileta kwa bajaji kutoka Ipuli. Wanaume waliokuwa barazani walikuwa wamemaliza hitma na wanakula pilau yao. Hao siwaweki, kwa sababu hawakusikia lililosemwa ndani.

Hamisi alikuwa akimweleza Rehema mipango yake ya nyumba. Atang'oa madirisha ya mbao, ataweka ya alumini, yale ya kusukuma pembeni. Alisema vioo vyenyewe ni vya kizamani, vidogo kama trei ya chai, na vina namba kwenye pembe, sijui vilitolewa kwenye gari gani. Akacheka, na Zaina akacheka naye. Mimi sikucheka. Kwa miaka zaidi ya hamsini nimeingia nyumba ile na kila mara nimekaa mkekani nikilipa dirisha mgongo, na hakuna aliyeniuliza sababu. Siku ile, kwa ajili ya magoti yangu, walinipa kiti, na kiti kilielekea dirishani. Jua la saa kumi lilikuwa linapita kwenye vioo sita na kuanguka juu ya mkeka, mahali alipozoea kukaa Tausi akishona kofia. Nikainuka nikashika ukuta, nikafika kwenye kioo cha chini mkono wa kushoto. Sikuhitaji miwani. Nilipitisha kidole kwenye pembe nikazisoma namba kwa ngozi: tatu, nne, moja. Sikudhani akageuza uso wake usioona akaniuliza nashika nini huko. Nikamjibu kwamba ni vumbi.

Mwaka huo ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeishia darasa la nne. Nje ya Ipuli, kando ya ile njia ya zamani waliyopita wapagazi na pembe zao kutoka Ujiji, palikuwa na nyumba tuliyoiita Nyumba ya Picha. Ilikuwa na vyumba vitatu vya matofali na kibanda cha bati ambacho paa lake lilivutwa kwa minyororo. Ndani ya kibanda ilikaa kamera kubwa kama pipa la maji. Alikuja nayo mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Henriki, ametumwa na chuo cha kwao kupiga picha anga lote la upande wa kusini, kipande kwa kipande, kama mtu anayepima shamba. Alisema Tabora kiangazi hakuna wingu wala taa za mji za kumsumbua. Picha hazikuwa za karatasi. Zilikuwa vipande vya kioo vilivyopakwa dawa, na kila kimoja kilichorwa namba pembeni kwa kalamu yenye ncha ya almasi, ili hata dawa ikibanduka namba ibaki. Picha zenyewe zilikuwa kinyume: mbingu nyeupe kama maziwa, nyota nyeusi kama ulezi uliomwagika.

Kazi yangu ilikuwa kuketi mbele ya meza iliyowekewa taa kwa chini, kushika lenzi, na kutafuta kila mstari uliopita katikati ya nyota. Bwana Henriki aliwahi kuwaweka vijana wawili waliosoma, wakasinzia. Ndipo msimamizi wake, Mwalimu Festo Kapaya, alipomwambia kwamba kazi ile inataka watu waliozoea kuchagua mchele. Mwalimu Festo alikuwa mtu wa Ziba, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alituita wasichana tuliotaka kibarua, akampa kila mmoja ungo wa mchele aliouchanganya na mawe kumi madogo, akatazama saa. Mimi nilimaliza wa kwanza nikatoa mawe kumi na moja. Akaniambia nimemdanganya. Nikamwambia, "Hapana mwalimu, moja ulilinunua sokoni pamoja na mchele." Akaniandika siku hiyo hiyo. Sikudhani alimaliza wa pili, akapewa kazi ya kuosha vyombo vya dawa na vioo vilivyoharibika.

Siku ya kwanza Mwalimu Festo alinionyesha mistari. Kimondo kilikuwa chembamba mwanzo, kinene katikati, chembamba tena mwisho, nikakiita mkia wa panya. Chombo kilichorushwa kuizunguka dunia kilikuwa mstari sawasawa, kutoka ukingo hadi ukingo, nikakiita uzi. Mkwaruzo wa kioo uling'aa ukikigeuzageuza, huo nikauita kovu. Kisha akanionyesha mistari miwili iliyokwenda pamoja, na kati yake vidoa vidoa vilivyopangwa kama shanga, akasema hiyo ni ndege. Nikamuuliza ni ndege gani huyo anayepita gizani amebeba taa. Basi alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe alimaanisha ndege ya abiria, taa za mabawa ndizo mistari, na ile taa inayowaka na kuzima ndiyo shanga. Mimi nilikuwa nafikiria bundi. Tangu hapo Sikudhani hakuniacha. Kila nikipeleka kioo kilichoharibika alinipokea akiniuliza kama ndege wangu ametaga.

Kioo kilichokatwa na ndege katikati kilihesabiwa kimeharibika. Niliandika namba yake kwenye daftari, na pembeni, kwenye nafasi nyembamba kama kidole, nikaandika sababu: uzi, kovu, ndege. Mwisho wa mwezi Bwana Henriki alivipitia mwenyewe kimoja kimoja, akivikataa tukaruhusiwa kuviosha kwa maji ya moto na magadi mpaka vikawa vioo vitupu, tukagawana. Watu wa mjini walivitaka sana kwa madirisha na fremu za picha. Mchana tulikula wote chumba cha nyuma, matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, au ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, aliyoleta Mwalimu Festo kutoka kwao. Bwana Henriki alikula nasi akisema chakula cha Tabora kinamfunga koo. Sikudhani akamjibu kwa Kinyamwezi kwamba koo lake lifungwe zaidi ili karanga zibaki, na Mwalimu Festo akamtafsiria Bwana kuwa binti anamwombea afya. Nikikumbuka kicheko cha chumba kile nashangaa kwamba ni mwaka ule ule.

Tausi alikuwa ameolewa mwanzoni mwa mwaka na Idrisa, fundi wa mashine za kuchambua pamba. Alihamia pale Mtendeni, nyumba ya mama mkwe wake, Bi Mgeni. Idrisa alikuwa mtu wa utani. Alimwita mkewe "ndege wangu", kwa sababu ya jina lake, na akinikuta kwao aliniambia nisimpige picha ndege wake akaharibika. Chumba walichopewa kilikuwa kile cha mbele, na dirisha lake halikuwa na kioo, lilizibwa kwa mbao. Tausi alikuwa fundi wa kofia za kudarizi, tundu kwa tundu, na alishonea gizani mpaka macho yakamtoka machozi, au alifungua mbao akapigwa na upepo na vumbi la barabarani. Akaniomba vioo. Nilimpelekea kimoja kimoja, kila mwezi fungu langu, na fundi seremala Mzee Juma Kiparu akavipachika. Ulipofika mwezi wa kumi na moja vilikuwa vitano. Palibaki tundu moja, limezibwa kwa boksi.

Alhamisi moja Idrisa aliitwa Mwanza, mashine imesimama. Palikuwa na ndege ndogo inayoondoka jioni, na rubani akakubali kumchukua. Walikuwa watatu ndani yake. Aliondoka saa ya magharibi akamwambia mkewe atarudi Jumapili. Upande wa kaskazini kulikuwa na mawingu ya kwanza ya mvua, nakumbuka umeme ukipiga mbali. Kusini kulikuwa kweupe, na ndiyo sababu Bwana Henriki alipiga picha jioni ile, kisha asubuhi akapanda treni kwenda Dar es Salaam kufuata dawa. Jumamosi asubuhi niliketi mezani, nikatoa kioo cha mia tatu arobaini na moja kwenye bahasha yake. Bahasha iliandikwa upande ilikoelekea kamera: kusini magharibi, chini, karibu na miti. Huko ni misitu ya warina asali, hakuna uwanja wa ndege. Nikaweka lenzi. Palikuwa na mistari miwili na shanga kati yake. Ndege nyingine zote nilizoziona mwaka ule zilinyooka. Hii ilipinda. Iliingia kwa juu mkono wa kulia, ikashuka, ikajikunja kama mundu, halafu ikatoka kwa chini, penye miti.

Ningekaa nikafikiri. Sikukaa. Kichwani mwangu nilikuwa na tundu la dirisha la Tausi, na maneno yake ya jana yake, kwamba angependa Idrisa akute dirisha limekamilika. Kioo kilikuwa kimeharibika, hilo lilikuwa wazi hata kwa kipofu. Nikaandika kwenye daftari neno moja, ndege, nafasi haikutosha mawili. Bahasha, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa na tarehe, nikaitia kwenye zile za kutumika tena. Nikakipeleka kwa Sikudhani. Akaniambia Bwana hajakipitia, na mwezi haujaisha.

"Ndege ni ndege," nikamwambia. "Atakitazama cha nini?"

Sikudhani akakataa kukiosha. Nikakiosha mwenyewe. Magadi yalinichoma vidole, dawa ikatoka vipande vipande kama ngozi ya maziwa, na shanga zile zikaenda na maji kwenye mfereji, chini ya mipapai. Alasiri Mzee Juma alikuwa amekwisha kukipachika. Tausi alikaa mkekani na kofia yake, akainua sindano kuitazama kwenye mwanga, akasema, "Akija atadhani amekosea nyumba." Tulikula maandazi kwa kahawa, na Bi Mgeni akaniombea dua kwa zawadi yangu.

Jumapili ikapita. Jumatatu ndipo habari zilipokuja kwamba ndege haikufika Mwanza. Kule walidhani haikuondoka kwa sababu ya mvua, na huku tulidhani imefika. Wakaanza kutafuta kaskazini, kwa kuwa ndiko ilikokwenda. Ndege mbili ziliruka juu ya Nzega na Igunga. Watu walitembea mbugani huko Ziba wakiuliza wafugaji, na wafugaji wakasema walisikia mngurumo, labda injini, labda mvua. Mwalimu Festo alipata barua kutoka kwa ndugu zake huko akatusomea wakati wa chakula. Nikasubiri Sikudhani atoke, nikamweleza Mwalimu yote, bahasha, kupinda, na kuosha. Akafungua daftari, akaliona lile neno moja. Akaniambia neno "ndege" limo kwenye daftari lile zaidi ya mara arobaini. Nikamwambia twende polisi.

"Nikifika polisi nitawaonyesha nini?" Mwalimu akaniuliza taratibu. "Kioo cha dirisha?"

Simlaumu Mwalimu Festo, amekwisha kufa na alikuwa na watoto sita wa kulisha. Lakini sikuridhika. Nikaenda kwa Bi Mgeni, nikamkuta uani akichambua mboga, Tausi amelala. Nilikuwa na haraka, na mwenye haraka hapangi maneno. Nikamwambia, "Mama, nimeona ndege mbaya kwenye kioo."

Wasomaji wangu wa huku mtaelewa nilichokifanya. Bi Mgeni alikuwa mtu wa swala tano. Alisikia kwamba nimekwenda kwa mganga wa ramli, nimetazamiwa kioo, nimeletewa ndege mbaya, yaani nuksi, ishara ya kifo. Mboga ikamdondoka. Akanishika mkono kwa nguvu akaniambia mambo ya kutazamiwa kioo hayaingii nyumbani kwake, na mke anayengoja haambiwi ndege mbaya. Akaniapisha pale pale nisimfungulie Tausi mdomo. Ningeweza kumwambia, mama, si kioo hicho, ni kioo cha picha. Si ndege huyo, ni ndege ya kupanda watu. Maneno yalikuwepo. Ila nilifikiri kwamba nikieleza ni kioo gani, itanibidi nieleze kiko wapi sasa, na kilikuwa hatua kumi kutoka pale tulipokaa, kinamwangazia Tausi usingizini. Nikaapa. Na nikawa, Mungu anisamehe, nimepata nafuu kidogo.

Baada ya wiki mbili waliacha kutafuta. Miaka mingi baadaye mrina asali mmoja alisema sokoni kwamba ndani kabisa ya msitu, upande wa Ugalla, kuna bati jeupe lenye misumari ya kubana na mti umeota juu yake. Hakuna aliyekwenda, na yeye hakuonekana tena. Tausi aliambiwa na masheikh asubiri. Mume aliyepotea si maiti. Kwa hiyo hakuwa mke na hakuwa mjane, hakukaa eda, hakuvaa nguo za eda, hakupewa pole, maana pole ingekuwa kumuua Idrisa kwa mdomo. Miaka ilipotimia akaambiwa sasa anaweza kuachishwa, aolewe. Akasema ataolewaje, na hali dirisha amemwekea Idrisa. Posa mbili alizikataa mbele yangu, ya pili ya mtu mwema kabisa, Salumu Bakari muuza vitambaa. Bi Mgeni kabla ya kufa alimpa nyumba iwe yake. Alishona kofia pale mkekani mpaka uzee, akiinua sindano mara kwa mara kuitazama kwenye kioo, na akisikia ndege ya Jumatano inapita kuelekea uwanjani alisimamisha sindano mpaka ipite. Mimi nilikaa naye nimempa dirisha mgongo, tukizungumza bei ya mchele.

Sasa nirudi kwenye arobaini. Rehema alikuwa amenisababishia yote haya bila kujua. Wiki moja kabla ya Tausi kufariki aliniletea simu yake nyumbani, akaniambia Bibi tazama, watu wa nyota wa huko duniani wanaweka picha za anga, na mtu yeyote anaweza kusaidia kutambua mistari. Alikuwa akifanya na wanafunzi wake, na wamekwama. Nikaichukua nikaisogeza mbali na macho. Nikamwambia huu uzi, huu mkia wa panya, huyu hapa ndege. Alinitazama kana kwamba nimesema Kichina. Aliniuliza nimejuaje, nikamweleza habari ya Nyumba ya Picha, ila si ya kioo. Akaenda akakiandikia barua pepe kile chuo, na siku ya arobaini, tulipokuwa pale chumbani, jibu likaja. Alifurahi, akatusomea kwa sauti. Daftari langu lipo. Wamelipiga picha, wamelitafsiri, kila kioo na hali yake. Aliona namuuliza kwa macho, akasema taja namba yoyote, Bibi. Nikataja.

Alitafuta kwa kidole. Halafu akacheka kidogo, akasema wametafsiri vibaya maskini, hawakuwa na mtu wa Kiswahili wa kuwasaidia. Mbele ya mia tatu arobaini na moja, na mbele ya zile nyingine arobaini na kitu, wameandika kwamba kioo kiliharibiwa na ndege mwenye manyoya, wa kuruka kwa mbawa.

Hapo ndipo niliposema. Niliwaambia wote wanne yale niliyowaandikia nyinyi hapa, nikiwa nimesimama na mkono kwenye kioo. Zaina aliweka sinia chini. Hamisi alisogea akapitisha kidole kwenye pembe kama mimi, akarudi akakaa. Hakuna aliyenigombeza, na ningependa wangenigombeza. Sikudhani peke yake ndiye aliyetikisa kichwa.

"Kioo hicho kilikuwa picha ya Jumatano, Nyamizi," akasema. "Kile cha Alhamisi ulikiosha wiki iliyofuata. Mimi ndiye niliyekuwa na ndoo."

Nilimwambia amezeeka. Akaniambia macho ndiyo yamekufa. Nimelala siku nyingi na neno lake hilo. Najisifu kwamba sisahau jina la mtu, na nimewataja hapa wote bila kuuliza, lakini siku za juma hazina uso. Kama kilikuwa cha Jumatano, basi niliyoiona ikijikunja penye miti ilikuwa ndege ya watu wengine waliofika salama, na Idrisa yuko Ziba, chini ya mvua, na kioo cha Tausi kilikuwa kioo tu. Hamisi amekitoa kwenye fremu akanipa nimekuja nacho, nimekizungushia kanga, kiko chini ya kitanda.

Kwa hiyo nawaomba mnaosoma. Kama jina la mtu nimelikosea, au chakula, au mwezi, nisahihisheni, nitashukuru. Na kama yuko aliyeishi upande wa misitu ile mwaka huo akasikia ndege jioni, au hakusikia kitu, aniletee neno kwa Rehema. Mimi nasema ilikuwa Alhamisi. Niambieni nimekosea. Niambieni hata kwamba alikuwa ndege wa manyoya.